CR robo mara nane si CR 2

SWALI: Wachezaji wangu wanne wa levo 3 kwenye mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons (vitabu vya 2014) walimmaliza Ogre (jitu) wa CR 2 (CR ni namba ya ugumu wa kiumbe) bila jasho. Kikao kilichofuata nikawaletea goblini wanane wa CR robo. Robo mara nane ni 2 ileile, lakini wawili walianguka na mchawi aliponea chupuchupu. Nimekosea wapi, au hizi namba ni pambo tu? – DM (mwendesha mchezo) mpya, Nairobi

JIBU: Si pambo, ila CR haijumlishwi. CR 2 maana yake ni kwamba kundi la watu wanne wa levo 2, wenye vifaa na waliopumzika, linatarajiwa kumshinda kiumbe huyo mmoja bila mtu kufa. Haisemi neno kuhusu akija na ndugu zake.

Kinachojumlishwa ni XP, yaani pointi za uzoefu za kila kiumbe. Kwa kundi lako mipaka ni 300 rahisi, 600 wastani, 900 ngumu, 1,600 ya mauti. Ogre ni 450, yaani rahisi. Goblini wanane kwa 50 ni 400, lakini XP ya viumbe 7 hadi 10 huzidishwa mara 2.5. Hapo ni 1,000, tayari pambano gumu. Jedwali lilikuonya, hukulifungua.

Sababu ni idadi ya zamu. Ogre hupiga mara moja kwa raundi, akiongeza 6 kwenye kete ya pande 20 (+6), na pigo likipata hutoa madhara ya wastani wa 13; dhidi ya AC 16 (AC ni namba ambayo pigo lazima liifikie) hiyo ni kama 7 kwa raundi. Goblini wanane wenye +4 wanampa mtu huyohuyo karibu 20. Wakimgeukia mchawi wa AC 12 inapita 25, na mchawi wa levo 3 mara nyingi ana HP (pointi za uhai) 20 hivi. Kisha kila goblini aliyebaki anajificha kwa kitendo chake cha ziada. Ukimfunga Ogre kwa uganga mmoja umefunga pambano zima. Ukimfunga goblini mmoja, saba wanaendelea kurusha mishale.

Ungewagawa mawimbi mawili ya wanne, kila wimbi lingekuwa 200 mara 2, yaani 400: rahisi.

Sasa kuna hawa mafundi wa mkato wanaoeneza “CR sawa na levo, umemaliza”. Wengine wanachukua bajeti ya XP ya vitabu vya 2024, ambavyo viliondoa kizidisho, wanaipachika kizidisho cha 2014, halafu wanalaumu mchezo. Chagua toleo moja ubaki nalo. Hata kikokotoo kizuri hakijui kwamba levo 5 mchawi anapata Fireball, uganga wa mpira wa moto wenye madhara ya wastani wa 28, na goblini ana HP 7: wakiwa wamebanana, wanane wanakwisha kwa zamu moja. Wala hakijui kama ni pambano la kwanza la siku. Mipaka ile inategemea mapambano sita hadi nane kwa siku. Ukiweka moja tu, wachezaji wanamwaga kila walichonacho na “ngumu” inageuka mchezo wa watoto.

Na kitabu cha kisa cha kucheza kilichoandikwa “levo 1 hadi 5” hakimaanishi levo 1 aingie mlango wowote. Mara nyingi 1 ni wanapoanzia na 5 wanapoishia. Soma sura ya mwisho kabla ya kuwaacha wazurure.