Barua kwa Mwanangu: Siku Tano za Kihambani

Mwanangu mpenzi,

Umeniambia kwamba tangu tumzike Bibi hujatoa hata chozi moja, ila hasira haikuachi, na baba yako mdogo humpokelei simu. Ukauliza kama kwenda kukaa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo wetu huko Marangu, Kilimanjaro, kutakusaidia, na ukifika ufanye nini.

Nenda, lakini ukafanye kazi. Anayeketi barazani na simu mkononi hurudi mjini kama alivyokuja.

Usiende Desemba. Ukoo mzima unakuwa nyumbani, nyama na mbege, pombe yetu ya ndizi, kila boma, na mfiwa hapati hata kona ya kunyamaza. Nenda Machi, masika yanapoanza. Omba siku tano kamili, maana mbili za kwanza mwili bado una haraka ya Dar es Salaam.

Siku ya kwanza usishike jembe. Zunguka mpaka wote ukifuata masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mipakani na makaburini, kisha simama katikati utazame toka juu kushuka: miti mirefu ya mringaringa na mruka inatoa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi. Kahawa ni mgeni hapo. Ilifika mlimani kwa wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Ilikuta migomba na mifongo, yaani mifereji ya maji iliyochimbwa na koo, tayari ipo. Kwa hiyo unapomuuliza mzee habari za waliotangulia, usianze na "nieleze kuhusu babu". Atakujibu kwa maneno mawili. Uliza kitu: mfongo huu ulichimbwa na ukoo gani, siku yetu ya maji ilikuwa ipi, kahawa hii ya mwanzo aliipanda nani. Hapo majina yatatoka yenyewe. Yaandike jioni ileile, pamoja na ya wanawake na koo walizotoka, kwa kuwa hayo ndiyo yanayopotea kwanza.

Siku ya pili ingia kwenye migomba. Bibi alipougua mashina yalisongamana. Kila shina liachie migomba mitatu tu: mama, mtoto na mjukuu. Mama ndiye mwenye mkungu au anayekaribia. Mtoto chagua chipukizi lenye majani membamba kama upanga, kwa kuwa yale yenye majani mapana yana mizizi dhaifu. Mjukuu ni chipukizi dogo la upande uleule wa mtoto, ili shina lisonge kuelekea upande mmoja bila kubanana na jirani. Mengine yakate usawa wa ardhi, kisha chokonoa moyo wake kwa ncha ya panga. Ukikata juu tu, baada ya wiki mbili yamesimama tena na utadhani hukufanya kitu.

Mama aliyekwisha kuvunwa usimfyeke mpaka chini siku hiyohiyo. Mwache kimo cha kifua. Maji na chakula kilichobaki ndani yake hushuka kwa mtoto. Mama akikauka ndipo umkate vipande na kuvipasua, ili fukusi, wadudu wanaotoboa migomba, wasizaliane humo. Matandazo yakae mbali na shina kama sentimita 60 kwa sababu hiyohiyo.

Katika kazi hii ndipo moyo hulegea, mara nyingi siku ya tatu, na mara nyingi kwa jambo dogo: harufu ya utomvu, kamba aliyoifunga yeye kwenye mti wa kuegemezea mkungu. Koo likikukaba, weka panga chini, ukae chini hapohapo. Vuta pumzi ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita, mara kumi. Usijikaze kiume. Kisha litafutie jina hasa unalolisikia, kwani "najisikia vibaya" haitoshi. Je, ni kihoro cha kuondokewa? Ni upweke? Ni kinyongo? Au ni majuto kwamba alipolazwa hukuja? Nadhani ni majuto, mwanangu, na hasira imeyafunika. Kinywa chako kiyatamke kwa sauti, huko migombani hakuna wa kukucheka.

Siku ya nne nenda kaburini asubuhi. Palilia kwa mkono, jembe litakata mizizi ya masale. Palipo na pengo pandikiza: kata kipande cha shina la sale cha sentimita 30, fukia theluthi moja, na hakikisha ncha ya juu inabaki juu, ikipinduliwa haioti. Halafu wataje kwa majina uliyoandika, umalizie na Bibi, umwambie ulichokitamka jana. Najua unaogopa kwamba kufanya hivyo ni dhambi. Kumtaja marehemu na kumshukuru si kumwabudu. Tambiko ni shughuli nyingine, ina wazee wake, usiifanye peke yako.

Mchana chukua jani la sale umpelekee baba yako mdogo. Kwetu anayeomba radhi hubeba sale, na kulikataa ni jambo zito. Usiende na maelezo marefu.

Siku ya tano panda mgomba mmoja wa Bibi. Shimo sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganye na madebe mawili ya samadi iliyooza. Mbichi huunguza mizizi. Chipukizi limenye mizizi yote, na ukiona vijinjia vyeusi ndani yake litupe, fukusi wameshaingia.

Ukirudi na bado wiki mbili hulali, huli, au unawaza kwamba heri usingekuwepo, usingoje safari nyingine. Nenda hospitali umwone daktari siku hiyo, na unipigie hata usiku wa manane.

Panga lake liko nyuma ya mlango wa jiko. Linoe kabla ya kuanza, lina kutu.

Mama yako