Barua kwa mwanangu: mshelisheli sitaukata

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Sisi huku Pemba wazima, alhamdulillah. Mguu wangu umepoa, na karafuu mwaka huu si haba. Pesa ulizotuma nimezipata, na barua yako nimeisoma mara mbili, nikaona swali lako limekukaa rohoni: "Mama, kwa nini hutaki kuukata huo mshelisheli, popo wakahama, nikuletee wajukuu zako Disemba bila wasiwasi? Pesa ya msumeno hiyo hapo."

Mshelisheli sitaukata, mwanangu. Naomba unisikilize.

Popo hawalali hapa kwetu. Kwao ni kule mavani, kwenye ile miti mikubwa ambayo hakuna mtu anayethubutu kuitia shoka. Hapa wanakuja kula tu. Nikiukata mshelisheli watahamia mwembe, nikiukata mwembe watakwenda kwenye mikuyu ya jirani, na njia yao itabaki kuwa ile ile, juu ya bati letu. Nitakachopata ni jua la mchana kunipiga jikoni. Umekaa mjini umesahau kivuli kile kilivyo.

Tena usiwafananishe na popo unaowaona huko Dar es Salaam. Hawa ni wengine kabisa. Kichwa chao kina wekundu wa kutu, na wakikunjua mbawa ni karibu mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha. Jamaa zao utawakuta Komoro na Bukini (Madagaska), mpaka India huko, lakini bara ya Afrika hawapo. Na wa aina hii hasa, duniani kote, wako Pemba tu. Ulipokuwa skuli ya msingi walikuwa wamefika pabaya. Watu waliwatega kwa nyavu na kuwapiga bunduki, na misitu ilikuwa imekwisha. Mwaka 1996 wataalamu waliwaandika miongoni mwa wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Hesabu ya miaka ile haikufika 6,000 kisiwa kizima. Ilipohesabiwa tena mwaka 2007 walikuwa wamepita 18,000, na waliowaokoa ni watu wa vijijini kama wale wa Kidike, walioamua kwamba kwao popo hapigwi.

Sisi pia tuliwahi kutega. Hili sijapata kukwambia. Ulikuwa na miaka mitatu, na maembe yetu tulikuwa tumeshamwahidi mchuuzi. Marehemu baba yako akaazima wavu wa samaki, akautandaza juu ya mwembe. Alfajiri tukasikia mlio, tukatoka na taa. Alikuwamo jike mmoja, mbawa zimejiviringa nyuzini, amechoka hata hatapatapi tena, na kifuani ameng'ang'aniwa na mtoto wake. Hawa huzaa mmoja tu kwa mwaka, na mama huruka naye akiwa mdogo. Baba yako akajifunga gunia mikononi, akaukata wavu uzi kwa uzi kwa wembe, ule wavu wa watu, na mimi nimeshika taa. Tulimweka shinani mwa mwembe, maana popo mkubwa haruki kutoka chini. Lazima apande kwanza. Akapanda. Kidogo, akapumzika, kidogo tena, mtoto kifuani, kunguru wanampigia kelele, mpaka akafika kileleni akajining'iniza. Alishinda pale kutwa. Magharibi akaondoka. Baba yako alilipa wavu, na tangu siku ile hakutega tena. Siku ile ile alinifundisha kuchuma maembe yakishapevuka lakini hayajaiva, tukayavundika ndani. Popo anafuata harufu ya tunda bivu, gumu halimshughulishi. Tunayomwachia ni yale ya juu ambayo hata hivyo hakuna wa kuyapanda.

Uchafu wao sikatai. Wanatafuna, wanameza maji ya tunda, makapi wanayatema, na asubuhi uwanja lazima ufagiwe. Nililolifanya ni kumwita kijana akate matawi yote yaliyoegemea paa, akaacha nafasi ya pima mbili baina ya mti na bati. Hapo komba nao wamekosa daraja la kuingilia darini, na panya vile vile. Ule mfereji wa kuingizia maji ya mvua tangini sasa una kipande kinachochomoka: mvua ikianza nakichomoa, bati linaoshwa, maji yale yanamwagika, ndipo nakirudisha. Mdomo wa tangi umefunikwa wavu wa mbu, na maji ya kunywa nayachemsha. Pesa yako ya msumeno imelipa kazi hiyo yote.

Kwa watoto, neno langu kubwa ni hili. Embe lililoanguka lina alama za meno halioshwi wala halimenywi upande mzima, linatupwa. Popo aliyeanguka haguswi kwa mkono, hata awe mtoto, hata watoto walie kwa huruma. Waniite mimi. Na ikitokea mtu kuumwa au kuparuzwa na popo, au mbwa, au tumbili, kidonda kinaoshwa papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni robo saa nzima, kisha hospitali kupata sindano za kichaa cha mbwa, siku hiyo hiyo. Hata kama ni mkwaruzo mdogo. Hapo sitanii na mtu.

Tumbili ndio wananipa kazi kuliko popo, na hukuniuliza habari zao hata kidogo! Wanakuja mchana, wanajua saa ninayosali adhuhuri. Mahindi yangu ya mwisho niliyala nusu. Najua mwanao mkubwa atataka kuwatupia biskuti. Mkataze tangu melini. Tumbili aliyepewa leo kesho ananyang'anya, na akinyang'anya anauma, kisha jirani atampiga jiwe au atamtegea, na kosa la kwanza litakuwa letu.

Kuku ilikuwa makosa yangu mwenyewe. Ngawa alichukua wanne usiku mmoja kwa sababu wavu wa banda ulikuwa umeishia juu ya udongo, akachimba. Sasa nimeufukia shubiri mbili na mlango naufunga kabla ya adhana ya magharibi. Bado anapita, nyayo zake naziona. Anapita tu.

Nyoka usiwatie hofu watoto nao. Rundo la makumbi na vifuu lililokuwa nyuma ya choo nimeliondoa, maana panya wakijaa pale nyoka huwafuata. Usiku kila mtu atoke na tochi na viatu. Wakimwona ukukwi mtini wamwache aende zake. Na wakimwona wasiyemjua, wamwache pia.

Bundi nakumbuka ulivyokuwa ukimwogopa, unaingia chini ya kanga yangu. Bado yupo, analia hu, kimya, hu, hapo hapo kwenye mkarafuu wa pembeni. Ni mdogo, wa kukaa kiganjani, naye pia hapatikani pengine isipokuwa Pemba. Watu walikutisha kwamba analetea nyumba mauti. Babu yako alikuwa akiwakemea, akisema Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kuogopa mikosi ya ndege. Sikulisisitiza wakati ule, nawe ukakua na hofu. Wanao nitawalaza na mimi chumba cha upande ule, walisikie lile hu nami nipo.

Kwa hiyo waje. Jaribu mfike kabla jua halijazama, nami nitakuwa nimeweka mkeka uwani. Wanaanza mmoja mmoja kutoka upande wa mavani, kisha mbingu inajaa, wala hawapigi kelele. Utasikia mbawa tu.

Dirisha la jikoni bado halina wavu wa chuma. Huku nimeukosa, kwa hiyo njoo nao yadi tatu, na misumari yake.

Mama yako akupendaye.