Usitengeneze kamera mtu akiwa amekaa mbele yako

Alikuwa mama wa makamo, amekaa kwenye kiti cha mbao, mikono ameikunja mapajani, jua limeshapanda. Binti yake ndiye aliyeniita. Alitaka picha moja nzuri ya mama yake ya kutundika ukutani, kwa sababu katika picha zote za familia yao mama haonekani: yeye ndiye huwa ameshika kamera. Dakika 40 baada ya kuanza sikuwa na picha hata moja ninayoweza kumwonyesha. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya begi langu, nabadilisha betri kwa mara ya tatu, ndipo aliponiuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ni mimi ninayeharibu?"

Swali lile ndilo lililonifanya niandike haya. Vifaa hugoma, na vitaendelea kugoma hata ukivitunza kama mboni ya jicho. Nilichojifunza siku ile ni kwamba ukiwa umeinamia kifaa, umekunja uso, mtu aliye mbele yako haoni flashi iliyogoma. Anaona uso wako, na anadhani umeukunja kwa ajili yake.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Jua liwe nyuma yake, limchoree mabega na kilemba kwa mstari wa mwanga. Mbele yake flashi ndani ya softiboksi kubwa, yaani boksi la kitambaa linalolainisha mwanga, umbali wa kama mita moja na nusu. Lenzi ya milimita 85, tundu lake la mwanga limefunguliwa hadi f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) ili vya nyuma vififie. Nilikuwa nimeshapiga picha za namna hiyo mara nyingi, kwa hiyo nilifika nikiwa na uhakika, nikasimamisha stendi, nikachomeka juu ya kamera triga, kile kifaa kinachoiamuru flashi iwake, nikabonyeza. Flashi haikuwaka.

Nikabadilisha betri za triga. Kimya. Nikabadilisha chaneli. Kimya. Nikasogeza flashi karibu, nikafuta vituo vya shaba kwa kitambaa. Kimya vilevile. Lakini nilipobonyeza kitufe cha majaribio kwenye triga yenyewe, flashi iliwaka vizuri kabisa, na hapo ndipo ningepaswa kuelewa. Kama triga inaiwasha flashi ikibonyezwa kwa mkono, basi triga ni nzima, flashi ni nzima, betri ni nzima. Tatizo liko kati ya kamera na triga: ama vituo havigusani, ama kamera haitoi amri. Kamera yangu haikuwa ikitoa amri. Juma lililotangulia nilikuwa nimepiga picha kwenye shughuli iliyohitaji utulivu, nikawasha shata (mlango wa mwanga wa kamera) ya kielektroniki isiyo na mlio, na kamera nyingi zikiwa katika hali hiyo haziamshi flashi. Swichi moja tu ndani ya menyu. Niligundua usiku, nikiwa nyumbani.

Palepale uwanjani nilifanya jambo ambalo nakusihi usilifanye kamwe katikati ya kazi: nilirudisha kamera kwenye mipangilio ya kiwandani. Ndiyo, flashi ikaanza kuwaka. Lakini pamoja na shata ya kimya, nilifuta kila nilichokuwa nimekipanga, ukiwemo mpangilio wa kuhifadhi faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaichakata. Kuanzia hapo kamera ikawa inahifadhi JPEG, picha iliyokwisha kuchakatwa na kubanwa, peke yake, nami sikujua. Nikaondoa pia mpangilio ulioruhusu flashi kwenda na kasi kubwa ya shata, na hilo lililipa tatizo la pili nafasi.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu wengi wanaopiga picha za watu nje kwa flashi hugonga ukuta huu bila kujua umejengwa na nini. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema penye jua kali, ukiweka f/16, kasi ya shata ilingane na ISO, namba ya jinsi kamera inavyohisi mwanga. ISO 100, basi 1/100 ya sekunde. Sasa fungua tundu kutoka f/16 hadi f/2.8. Umeingiza mwanga mara 32 zaidi, kwa hiyo ili anga na vya nyuma visiungue, kasi lazima ipande hadi karibu 1/3200. Shata ya kamera ina mapazia mawili, na kuna kasi ambayo ukiivuka, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua. Kwa kamera nyingi mpaka huo ni 1/200 au 1/250. Ukiuvuka kwa flashi ya kawaida, mwanga wake unagusa kipande tu cha picha na sehemu nyingine inabaki na giza kama mkanda. Kamera nyingine hazikuruhusu hata kufika huko: zinaganda kwenye 1/200 na kukuachia picha nyeupe kama karatasi. Yangu iliganda.

Kuna njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kuwasha mfumo wa flashi wa kasi kubwa, ambapo flashi hupigapiga mwanga kwa haraka mno wakati mwanya wa shata unapita. Unafanya kazi, ila unakula sehemu kubwa ya nguvu ya flashi na kuipasha moto upesi. Ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kufunga mbele ya lenzi kichujio cha kupunguza mwanga. Cha hatua 4, kila hatua ikikata mwanga nusu, kinapunguza mwanga mara 16, na ile 1/3200 inashuka hadi 1/200, ndani ya mpaka. Flashi nayo inapunguzwa na kichujio hichohicho, kwa hiyo utaihitaji iwe na nguvu au iwe karibu, lakini haichoki kama inavyochoka kwenye ile njia ya kwanza. Siku hizi kichujio hicho hakitoki kwenye begi langu. Siku ile kilikuwa nyumbani.

Nilipokuwa nikihangaika na menyu, upepo ulikuja. Softiboksi ni tanga, na stendi isiyo na uzito miguuni ni mlingoti usiofungwa. Ilianguka ubavuni mwa kiti cha mama, si mbali na bega lake. Flashi ikapasuka kioo. Hakuumia, na hata leo nikikumbuka umbali ule moyo unanienda mbio. Kwa hili sina masharti wala ubaguzi: nje ya jengo, hakuna stendi yenye softiboksi bila mfuko wa mchanga miguuni, hata kama majani hayatikisiki. Na kama yanatikisika, awepo mtu wa kuishika, ama softiboksi ibaki kwenye mfuko wake.

Ni baada ya hapo ndipo aliponiuliza lile swali. Nilisimama. Nilimwambia, "Hapana mama, wewe uko sawa kabisa. Taa yangu imeharibika, na nimekuweka juani muda mrefu. Nisamehe." Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu robo saa ya mwanzo, akasema, "Basi iache hiyo taa, mwanangu."

Nikaiacha. Flashi, triga, stendi, vyote vikaingia kwenye begi, na begi nikalifunga zipu. Kule kufunga zipu kuna maana kuliko unavyoweza kudhani. Begi likiwa wazi, jicho linarudi kulekule kwenye kifaa kilichogoma na mkono unalifuata.

Tangu siku ile nina kikomo cha dakika 5. Kifaa kikigoma, ninamwambia mtu palepale kilichotokea, kwa jina: triga imegoma, kadi haisomi. Simwambii "subiri kidogo" bila sababu, kwa maana ukimya huo ndio anaoujaza mwenyewe kwa mawazo mabaya juu ya sura yake. Namwomba aondoke mahali pa kupigiwa picha, akae kivulini, anywe maji, azungumze na aliyekuja naye. Kukaa mbele ya kamera isiyopiga kunachosha kuliko kupigwa picha mia. Dakika 5 zikiisha kabla kifaa hakijapona, kimeshatoka kwenye kazi ya siku hiyo. Hakuna "nijaribu mara moja tu ya mwisho". Nitakitengeneza nyumbani, peke yangu, na hapo nitakunja uso kadiri nipendavyo.

Sasa, mwanga. Tulikuwa na jengo lenye paa lililotokeza mbele, na chini ya paa hilo kivuli kipana. Watu wengi wakiambiwa wahamie kivulini huenda chini ya mti, na mti ukiwa na majani machache wanapata madoa ya jua usoni yasiyofutika. Tena majani na nyasi hurudisha rangi ya kijani kwenye ngozi, hasa chini ya kidevu. Tafuta kivuli kisicho na matundu: paa, ukuta, mlango mpana. Kisha usimweke mtu ndani kabisa. Mlete hadi ukingoni, hatua moja kabla jua halijamgusa, auelekeze uso kule kwenye anga iliyo wazi. Kivuli kinazuia jua la juu linalochimba mashimo machoni, na anga inakuwa taa kubwa kuliko softiboksi yoyote utakayoweza kununua. Kama ardhi iliyo mbele yake ni ya rangi nyepesi na imepigwa na jua, mwanga unapanda kutoka chini na kujaza chini ya macho.

Namna ya kujua kama umepata mahali hapo ni kuangalia macho yake kabla ya kuangalia kamera. Ukiona ndani ya mboni doa jeupe la mwanga, upande wa juu, umefika. Usipoliona, mgeuze taratibu, mwombe afuate mkono wako kwa kidevu, na utaliona likiingia. Usikiamini sana kioo cha nyuma ya kamera kinachoonyesha picha ukiwa nje. Juani kila picha inaonekana ya giza, na utajikuta unaongeza mwanga usiohitajika. Tazama histogramu, ile grafu ya kamera inayoonyesha giza na mwanga wa picha.

Nilianza na ISO 200, f/2.8, 1/400, na sikulazimika kuhama sana kutoka hapo. Lenzi moja, kamera moja, mtu mmoja. Robert Cornelius alipojipiga picha yake mwaka 1839 huko Philadelphia, Marekani, picha iliyo miongoni mwa za kwanza kabisa za uso wa mtu, alitoka nje akaipigia nyuma ya duka la familia yake, kwa sababu mwanga aliouhitaji ulikuwa nje. Mimi mwanga huo nilikuwa nimeupa mgongo kwa dakika 40.

Hata hapo haikuwa mwisho wa mikosi. Baada ya picha kama 10 kamera ikaandika kwamba haiwezi kusoma kadi. Hili ni kosa linalotisha kuliko yote, na ndilo ambalo mkono wenye haraka unaliharibu zaidi, kwa sababu kamera itakupendekezea uifomati kadi, yaani uifute yote ianze upya. Ikatae. Zima kamera, toa kadi, iweke mahali pake peke yake, weka nyingine. Kadi inapogoma hivyo, mara nyingi picha bado zimo, kilichoharibika ni orodha inayoonyesha kila picha iko wapi, na programu za kuokoa faili huweza kuzifikia iwapo hujaandika kitu kingine juu yake. Ukiendelea kupiga juu ya kadi hiyo unazifunika wewe mwenyewe. Nilimwambia mama kadi imegoma, akatikisa kichwa, akaendelea kuzungumza na binti yake kuhusu jambo lao. Hakuuliza tena kama ni yeye.

Kuhusu maandalizi nitasema moja tu, maana orodha za kukagua begi ziko nyingi. Usiku wa kuamkia kazi usihesabu betri tu. Unganisha kila kitu kama kitakavyounganishwa kesho, stendi isimame, flashi iwe ndani ya softiboksi, triga juu ya kamera, na upige picha 10 za kweli za kiti au ndoo. Kisha zifungue, uone zimehifadhiwa kama faili ghafi au la. Betri zangu zote zilikuwa zimejaa usiku ule. Swichi moja ya kimya ndiyo iliyonishinda, na kuhesabu betri kusingeionyesha. Picha moja ya kiti ingetosha.

Kadi iliyogoma niliiokoa siku mbili baadaye. Picha nyingi zilikuwa za majaribio, nyeusi au nyeupe kupita kiasi, lakini uso wake unaonekana. Katika ya kwanza anatabasamu na amenyoosha mgongo. Katika ya 9 tabasamu limebaki mdomoni tu. Kufikia ya 20 anatazama chini, na kidole gumba cha mkono mmoja kinasugua kingine. Hizo tatu sijazifuta, na kila nikikaribia kuchuchumaa kando ya begi mtu akiwa amekaa mbele yangu, ninaziona.

Ile iliyoko ukutani kwa binti yake inatoka kwenye kadi ya pili. Mama ameinua uso kidogo, amemgeukia binti yake aliyekuwa amesimama ubavuni mwangu, na yuko karibu kusema kitu. Ukiisogelea picha unaona ndani ya macho yake ukingo wa paa, na juu ya ukingo huo anga.