Wadogo zangu wa batiki, futeni "maongezi yapo"

Jumatano nilikaa na mmoja wa mabinti watatu ninaowafundisha hapa uani kwangu, Mbagala. Alikuwa ametoa pisi ya bluu nzito yenye nyufa nyembamba kama mishipa ya jani, kazi safi kabisa. Akaitundika ukutani, akaipiga picha, akaiweka status: elfu thelathini. Halafu, kabla hata mtu mmoja hajaiona, akaongeza chini yake "maongezi yapo". Nikamuuliza, nani amekuomba punguzo? Akajibu, "Hakuna dada, ila naogopa wataona ghali."

Alhamisi mwenzake akakataa oda ya mashuka, eti yeye bado hajawa fundi wa kweli. Wa tatu amepokea oda ya zambarau, rangi ambayo hajawahi kuipika maishani mwake, na amekaa kimya. Haulizi kitu. Huyu ndiye aliyeninyima usingizi, maana nilikuwa hivyo hivyo mwaka 2012. Nimeona niyaandike haya kwa ajili yao, na kwa ajili yenu wengine mnaoanza.

1. Bei inatoka kwenye kalamu. Kitambaa, nta ya kuzuia rangi isishike, rangi yenyewe, kostiki na haidro za kuiyeyushia, mkaa, nauli ya Kariakoo, na siku zako mbili za kuinama. Jumlisha, weka faida, andika namba, nyamaza. Mteja anayetaka kupunguziwa ana mdomo wake, atasema. Wewe ukimsemea, unamwambia kwamba hata mwenye kazi haiamini kazi yake.

2. Kitambaa kichomeni kabla ya kulipia jora. Chomoa nyuzi mbili, toka nje ya duka, washa kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha jivu laini. Ikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, kuna poliesta humo, na rangi zetu hazitaishika. Najua mnaona haya mbele ya muuzaji. Mwacheni anune, fedha ni zenu.

3. Kostiki inatiwa kwenye maji, kamwe maji hayamwagwi juu ya kostiki. Ndoo ya plastiki, si sufuria ya alumini. Glavu mkononi. Hili nimelisema mara ngapi?

4. Usichokijua, sema hukijui, na useme siku ile ile.

Nilikuwa na miezi tisa kwenye kazi. Nilijua bluu, kahawia na zile za kufunga kwa kamba. Akaja mama mmoja, binti yake anaolewa, anataka sare za send-off, pisi 24, rangi ya kijani. Nilitakiwa kumwambia, "Mama, kijani sijawahi kukipika, nipe wiki moja nijaribu kipande." Badala yake nikasema, "Hakuna shida mama, hizo nazifanya sana." Sijui neno "sana" lilitoka wapi. Akauliza bei. Kila pisi ilikuwa inanigharimu 11,500. Nikamwambia 12,000. Malipo ya awali sikuomba, niliona kama nitamkosea adabu. Vifaa nilinunua kwa fedha za mchezo, zamu yangu ilikuwa imefika wiki hiyo.

Mnajua rangi zetu za ndoo zinavyokwenda. Haidro na kostiki vinaiyeyusha rangi, uzi unainywa, kisha hewa inairudishia sura yake na kuifungia humo humo ndani ya uzi. Kwa hiyo kile kijani nilichonunua, kikiiva vizuri ndani ya ndoo hukioni kijani. Ni bluu. Unakiinua kitambaa juu, na hapo hapo mbele ya macho yako kinaanza kugeuka, kwanza kingo, halafu katikati, mpaka kijani kimeenea chote. Mpaka leo nikikiona hicho naacha kuongea.

Ndoo yangu siku ile ilikuwa ya kijani tangu mwanzo. Haidro ilikuwa imekaa masika nzima kwenye kopo lisilofunga vizuri, imevuta unyevu, imeshikana mabonge. Niliyaponda kwa kijiko, nikatia. Maji hayakugeuka. Nikayatazama, na nafsini mwangu nilihisi kuna kitu hakiko sawa. Mwalimu wangu alikuwa anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Nilitoa simu, jina lake likawa mbele yangu, kidole juu ya kitufe. Nikawaza: atasema miezi tisa yote na bado hujui kupika kijani. Nikaifunga simu kwenye pindo la khanga, nikatumbukiza pisi zote 24.

Maji ya kwanza ya kusuuza yalitoka kijani. Ya pili kijani. Ya saba kijani vile vile. Usiku nilichukua leso nyeupe, nikasugua kona ya pisi moja iliyokauka kambani. Leso ikawa ya kijani. Niliikunja nikaiweka chini ya godoro, kana kwamba nikiificha yenyewe na rangi itakuwa imeshika. Asubuhi nikapiga pasi, nikafunga mafungu, nikapeleka.

Kwenye send-off nilialikwa. Ukumbi ulikuwa na joto, watu wamecheza, wamelowa jasho. Kabla hata keki haijakatwa, niliona vitambaa vyeupe vya viti vimeanza kuchukua rangi mgongoni. Shingo za akina mama zilikuwa na kijani. Halafu shangazi mmoja akamkumbatia bibi harusi, na alipomwachia, begani mwa gauni lile la rangi ya maziwa pakawa na doa ukubwa wa kiganja.

Mama yake akalitazama lile doa. Kisha akaanza kunitafuta kwa macho. Hakupiga kelele. Alikuja mpaka nilipokaa, akainama, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ulijua?"

Nikasema sikujua.

Rangi kuchuja, hilo lilinitia aibu, na aibu ile imepita. Jibu lile halijapita. Yule mama alinipa nafasi ya kusema kweli akiwa ameinama karibu yangu ili watu wasisikie, nami nikamdanganya usoni. Ilinichukua wiki tatu kwenda kwake kumwambia, "Shikamoo mama, nilijua, niliona kwenye leso." Aliniacha nimalize. Akaniambia kaa, akaniletea chai. Zile 288,000 nilizirudisha kwa miezi mitano.

Nilipokwenda hatimaye kwa mwalimu, alilitikisa kopo langu la haidro, akasikia mabonge yanavyogonga. "Imekufa hii. Mbona hukupiga simu?" Sikuwa na la kujibu.

Nimeirefusha hii kwa makusudi. Kila mtu anayewaambia "jiamini" anafikiri kutojiamini ni kutetemeka. Mimi sikutetemeka. Niliongea kwa ujasiri mkubwa na mama wa watu, na ule ujasiri ndio uliokuwa woga wenyewe. Bei ya kutupa ilikuwa woga. "Nazifanya sana" ilikuwa woga. Kwa hiyo mkiniona naingia kwenye kazi zenu nauliza maswali mengi, sijawadharau. Natafuta leso iko chini ya godoro la nani.

5. Kabla ya kila ndoo, kipande cha majaribio. Ukubwa wa kiganja unatosha. Kitie, kiinue, kisubiri hewani, kisuuze, kikauke, kisugue na kitambaa cheupe. Kibane kwenye daftari na uandike vijiko vya rangi, vya kostiki, vya haidro. Daftari langu la kwanza nililianza baada ya ile send-off, na ndilo ninalolifungua mteja akiniuliza kama naweza rangi fulani. Nikiwa nimeshaipika, namwonyesha. Kama bado, namwonyesha ukurasa mtupu, namwomba wiki. Wengi wanakubali. Haidro nunueni kidogo kidogo, kopo lifunge kabisa.

6. Malipo ya awali nusu, hata kwa shangazi. Kwa shangazi hasa.

7. Msiniambie tena kwamba batiki kila mtu anatengeneza. Batiki ya Indonesia iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2009, na watu wa kule wameifanya vizazi na vizazi bila kuacha kwa sababu jirani naye anafanya. Sisi tulipoipokea tukakata mihuri yetu ya kupigia nta kwenye sponji za magodoro, na hakuna aliyetuuliza kibali. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kawaida za mafuta juu ya vibao. Alifariki 1972. Ile miaka michache ndiyo iliyotoa uchoraji ambao mpaka leo unabeba jina lake. Na hakusubiri turubai la kuchorea.

Mambo mapya yanatisha hata ukiwa mzoefu, nisiwafiche. Mwezi huu najaribu mtindo wa wanawake wa Kiyoruba wa Nigeria, adire eleko. Wao badala ya nta wanachora kwa uji wa muhogo, wanaukausha, ndipo kitambaa kinaingia kwenye nili. Nikachora samaki. Samaki wa kwanza aliyeyuka ndani ya ndoo, kitambaa kikatoka bluu tupu. Kwa wa pili niliongeza shabu kwenye uji, nikaupika mzito zaidi, ukapasuka wote juani. Wa tatu ametoka mkia na pezi moja, vyeupe kabisa, vimekaa vizuri sana. Nimewaonyesha mabinti wote watatu kwa mpangilio, pamoja na ile bluu tupu, na vipimo vya kila kimoja viko daftarini.

Jumamosi saa mbili asubuhi tunampika wa nne. Wewe mwenye oda ya zambarau njoo saa moja, kabla ya wenzako, na ulete kopo lako la haidro nilitikise.