Marekebisho ya Picha Yasiyoonekana

SWALI: Nilihamishia picha za harusi kwenye diski ya nje, nikaziingiza katika katalogi mpya ya Lightroom Classic, programu ya kupanga na kuhariri picha, na marekebisho yote hayaonekani. Je, yamepotea?

JIBU: La, ndugu msomaji, mradi katalogi ya zamani ipo, kwa kuwa programu hiyo haibadilishi picha yenyewe, bali hutunza marekebisho katika katalogi, yaani faili lenye mwisho wa .lrcat. Lifungue, kisha ubofye alama ya mshangao kwenye picha na uioneshe programu zilikohamia. Ikiwa limefutwa, tafuta nakala rudufu katika folda ya Backups. Kuanzia sasa, nakusihi uhamishe picha ukiwa ndani ya programu, na uiamuru iandike pia faili za XMP, yaani faili ndogo za kutunza marekebisho, ambazo hukaa kando ya kila picha ghafi (RAW).