Usiinyime Mota Umeme Ili Grinda Ipunguze Mwendo

Juzi kijana mmoja anayetengeneza visu aliniandikia: "Kaka, grinda yangu ya mkanda inakimbia mno. Nimefunga regulata ya feni, lakini mwendo haushuki vizuri, mota inanguruma na imeanza kunuka. Nifanyeje?" Nilimjibu neno moja tu: izime. Mengine nayaandika hapa, maana swali lake limenitonesha kidonda.

Ushauri huohuo wa regulata nami niliupata kwa fundi umeme niliyemheshimu sana, na aliifunga kwa mikono yake mwenyewe. Mota ilipoungua akasema ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Sikatai, mota ilikuwa ya mtumba. Lakini ilikuwa imenifanyia kazi vizuri kabisa mpaka siku aliyoigusa, na gharama ya kuisuka upya nililipa peke yangu. Mpaka leo tukikutana tunasalimiana tu.

Kwa nini tunahangaika na mwendo, kila anayenoa anajua. Unakaribia kumaliza, makali yamebaki membamba kama karatasi, mara unaona rangi inatambaa kutoka kwenye ncha: manjano iliyopauka, kahawia, zambarau, halafu bluu. Manjano ile huanza chuma kikifika nyuzi joto 200 hivi, na bluu ni karibu na 300. Ikishafika bluu, ugumu uliokuwa umeupata kwenye moto na mafuta umeondoka pale, na kuchovya majini baada ya hapo hakuurudishi. Mkanda wa msasa ukienda taratibu unapata nafasi ya kuondoa mkono kabla hujaharibu kazi.

Sasa tuje kwenye mota yenyewe. Mota ya kawaida ya umeme wa nyumbani, ile isiyo na brashi, haifuati wingi wa volti. Inafuata mapigo ya umeme. Umeme wa hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, kwenye mota ya ncha 4 (ncha za sumaku zinazotengenezwa na koili zake) unazungusha sumaku hiyo mara 1,500 kwa dakika, na shafti inaifuata nyumanyuma, 1,440 hivi. Ukipunguza volti, sumaku inaendelea kuzunguka 1,500 zilezile, ila nguvu ya kuvuta inanyauka: volti zikibaki nusu, nguvu inabaki robo. Ukigandamiza chuma hapo, shafti inabaki nyuma, koili zinavuta umeme mwingi na kuchemka. Ni kumnyima punda chakula na mzigo ukabaki uleule. Na kama mota yako ina ile swichi ya ndani inayotoa koili ya kuanzia, mwendo ukishuka mno swichi inairudisha, na koili ile haikutengenezwa kukaa kwenye umeme zaidi ya sekunde chache. Harufu aliyoisikia kijana wangu hutoka huko.

"Mbona feni inakubali?" Kwa sababu feni inasukuma hewa, na mwendo ukishuka mzigo wa hewa nao unashuka haraka sana. Chuma hakikuhurumii hivyo. Mota za brashi, kama za drili, ndizo zinazokubali regulata, lakini ukizigandamiza kwenye mwendo mdogo zinazimia.

Mimi nilihamia kwenye puli za ngazi, zile zenye vipandio vya vipenyo tofauti, na kwa yeyote asiye na fedha ya kutosha naziunga mkono bila aibu. Gurudumu la kuendesha lenye kipenyo cha milimita 100, likifungwa moja kwa moja kwenye shafti ya 1,440, linapeleka mkanda mita 7.5 kwa sekunde. Ukiweka puli ya mota iwe nusu ya puli ya gurudumu, mwendo unakuwa nusu, na nguvu ya kuvuta inaongezeka badala ya kupungua. Kasoro yake ni uvivu wetu. Kuzima, kulegeza, kuhamisha na kukaza upya kila unapobadili msasa kunachosha, na saa kumi na moja jioni mtu anajiambia "ngoja nimalizie hivihivi." Visu vingi vimeharibikia kwenye hiyo ngoja.

Ndiyo maana hatimaye nilifunga VFD, kiboksi cha kielektroniki cha kuongoza mwendo wa mota, na sifichi kwamba najivunia. Inapokea umeme wa fezi moja, ule wa nyumbani, na kutoa wa fezi tatu, kisha inabadilisha mapigo yenyewe. Nikiiweka hezi 20, kiungo cha mkanda naona kabisa kikipita mbele ya bamba la kuegemeza kisu, kama mara tatu kila sekunde mbili, na nakisikia kikigonga. Seti ya mwisho ya visu vya jikoni niliyokabidhi haikuwa na doa la bluu hata moja. Walionicheka kwamba natia fedha kwenye kiboksi sasa wananiuliza nimekifungaje.

Ndugu zangu, tuache kununua kwanza na kusoma baadaye. VFD inataka mota ya fezi tatu. Usiifunge kwenye mota ya kapasita, ile ya fezi moja. Soma kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye mota: kikisema volti 230/400, na VFD yako inatoa 230, unaunga delta, yaani koili tatu kwa umbo la pembetatu. Ingiza ampia za kibatini kwenye VFD ili iweze kuilinda mota. Usiweke swichi kati yake na mota; iwashe na kuizimia kwenye VFD yenyewe. Vumbi la chuma linapitisha umeme, kwa hiyo nunua iliyozibwa au iweke mbali na cheche ndani ya kasha safi lenye nafasi ya kupoa. Ukiizima usiifungue papo hapo. Kapasita zake hubaki na umeme, na muda wa kusubiri umeandikwa juu yake. Soma, nasema tena, soma.

Tena usilewe na mwendo mdogo. Feni ya nyuma ya mota nayo inapungua, kwa hiyo mota iguse kwa mkono mara kwa mara. Mikanda ya seramiki ya kukwangulia inataka mwendo na mgandamizo. Ukiitumia polepole kwa mkono mwepesi inang'aa na kuacha kukata. Mimi naikimbiza wakati chuma bado ni kinene, nashusha kila nikiingia msasa laini zaidi, na mpini wa mbao naumalizia chini kabisa, kwa sababu mbao nayo inaungua.