Maswali ya wasomaji: Mashine zikitoka, diski zibaki

*Zahanati yetu hapa Kisauni imenunua kompyuta mpya kwa sababu Windows 10 haipati tena masasisho. Zile 11 kuukuu ziko stoo. Kuna fundi anataka kuzinunua zote kwa mkupuo, na ameahidi kuzifomati mwenyewe. Tumpe?*
Msomaji, Kisauni

Mpeni mashine, diski msimpe. Kufomati kwa haraka hakufuti faili, kunafuta orodha inayoonyesha faili ziko wapi. Majina ya wagonjwa, majibu ya maabara na dawa walizoandikiwa vinabaki palepale, na programu ya bure kama PhotoRec huvichimbua bila hata kuhitaji mtaalamu.

Kabla ya kugusa bisibisi, hakikisheni rekodi zimehamia mashine mpya. Msitosheke na ujumbe kwamba kunakili kumekamilika. Fungueni faili kadhaa za zamani na za karibuni, na picha pia, mwone zinafunguka.

Kisha chomoeni diski zote. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaiona ile kubwa ya inchi 3.5, wanaitoa, wanafunga kifuniko. Mashine nyingi za ofisi zina na SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani zinazozunguka, ya umbo jembamba liitwalo M.2, kama kijiti cha chingamu, iliyolazwa juu ya bodi na kubanwa kwa skrubu moja. Aghalabu hiyo ndiyo inayobeba mfumo wenyewe. Angalieni na droo ya CD, maana picha za eksirei husahaulika humo. Ikiwa mashine haina umeme, nyoosheni kibanio cha karatasi, mkisukume ndani ya kitundu kidogo cha mbele, droo itafunguka.

Kwenye daftari andikeni nambari iliyo kwenye lebo ya diski, penye herufi S/N, si nambari ya kasha la kompyuta. Kasha likiuzwa, nambari yake haithibitishi chochote kuhusu diski.

Diski za sahani zinazozunguka zifuteni kwa nwipe, programu ya kufuta diski iliyomo ndani ya ShredOS, mfumo mdogo unaowashwa kutoka kwenye flashi. Kuandika sifuri mara moja, kisha kuhakiki, kunatosha. Mwongozo 800-88 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, hautaki zaidi kwa diski za kisasa. Hayo ya kurudia mara 7 au 35 ni kuchoma umeme bure. Diski ya GB 500 huchukua saa moja na nusu hadi mbili kuandikwa, na kuihakiki ni karibu muda huohuo. Tumieni mashine isiyo na diski nyingine yoyote ndani, kwa sababu nwipe haitambui ipi ni ya kazi na ipi ya kutupwa.

SSD ni habari nyingine. Ina akiba ya seli ambazo kompyuta haizioni, na kuandika juu yake hakuzifikii. Tumieni amri ya kujifuta iliyo ndani ya SSD yenyewe: Secure Erase kwa zile za SATA, Sanitize kwa NVMe ikiwa inaikubali (SATA na NVMe ni njia mbili za SSD kuunganishwa na kompyuta). Mara nyingi humalizika kwa dakika chache. SSD ya SATA ikikataa kwa madai kwamba imegandishwa ("frozen"), ilazeni kompyuta usingizi kisha iamsheni. Kwa kawaida hukubali.

Kwa unyevu na chumvi ya pwani yetu, tarajieni diski kadhaa za stoo zisiwake kabisa. Diski iliyokufa si diski tupu, maandishi yako kwenye sahani. Hiyo ni ya kuvunjwa. Fungueni kifuniko kwa bisibisi ya nyota, mara nyingi T8, mtoe sahani mzikunje. Za laptopu nyingi ni za kioo na hupasuka vipande vipande, kwa hiyo vaeni miwani na glavu. Kwa SSD, vunjeni kila chipu. Tundu moja la drili huziacha nyingine zikisomeka. Sumaku haiifanyi SSD chochote.

*Mashine yetu ya fotokopi ni ya kukodi na wenyewe wanakuja kuichukua. Pia tunabadilisha ultrasound. Nazo zina diski?*
Msomaji, Tudor

Fotokopi kubwa za ofisi nyingi zinayo, na huweza kubaki na picha za karatasi zilizopitishwa. Tafuteni kwenye menyu ya msimamizi sehemu ya kufuta data, muiendeshe kabla gari halijafika, mfute na kitabu cha barua pepe na neno la siri la Wi-Fi. Msiing'oe diski wenyewe, ni mali ya watu. Waandikieni mapema mkitaka ibaki kwenu au ifutwe mbele yenu, nanyi mpewe hati yenye nambari ya diski.

Ultrasound msiifute kwa nwipe hata kidogo. Programu yake na leseni huwa humohumo, mtabaki na gari lisilo na injini. Mwachieni mhandisi wa wakala afute orodha ya wagonjwa na picha.

*Hospitali yetu ni ya kaunti. Kompyuta zikishafutwa, wafanyakazi tunaweza kugawana?*
Msomaji, Changamwe

Hapana. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 inataka kamati ya uondoaji ipendekeze njia, na haiwaruhusu wafanyakazi kupewa ila kwa masharti maalumu. Zisizouzika ziende kwa mchakataji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, wala si jaani Mwakirunge. Betri za UPS zina risasi na asidi, zitengwe zikiwa zimesimama wima.

*Tumehesabu tukakuta diski mbili hazipo.*
Msomaji, Likoni

Muda umeshaanza kuhesabiwa. Ikiwa kuna hatari ya kweli kwa wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa saa 72 tangu mlipogundua kumjulisha Kamishna wa Data, na bila kuchelewa sana mwajulishe wagonjwa pia. Elezeni ni diski zipi, zilikuwa na rekodi za aina gani na mmechukua hatua gani. Msingoje uchunguzi uishe; mengine ongezeni baadaye. Kama zilikuwa zimefungwa kwa BitLocker, kufuli ya usimbaji ya Windows, na ufunguo haukuwa pamoja nazo, lisemeni hilo waziwazi, kwa sababu usimbaji wa aina hiyo unaweza kuwaondolea wajibu wa kumwandikia kila mgonjwa.